Gari la redio, viatu vya springi na kompyuta ya Hazina

Nimepotea kidogo, naomba mnisamehe. Si mnajua tena mwisho wa muhula ulivyo: asaimenti juu ya asaimenti, tesiti zimepangwa siku moja, na bumu limechelewa kiasi kwamba chapati maharage imekuwa ndo asubuhi, mchana na jioni. Leo sileti udaku wa hosteli. Nataka niwasimulie habari ya asaimenti moja ya historia niliyoiandika nikiamini nimetisha, ikarudi na swali moja tu la kalamu nyekundu. Hilo swali lilinifanya nimpigie baba simu tukaongea karibu saa nzima. Mimi na baba huwa tunaongea dakika tatu: shikamoo, marahaba, hela imefika, haya soma.

Asaimenti ilikuwa hivi: eleza jinsi watu wa kwetu walivyopokea teknolojia mpya karne ya 20. Darasa zima likakimbilia reli ya Wajerumani. Mimi nikasema hapana, nikachukua kisa cha kompyuta, kwa sababu kinachekesha na sote tunapenda kucheka.

Kisa chenyewe ni hiki. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mashine ya Kiingereza iliyoitwa ICT 1500. Baadaye ikaja kubwa zaidi, ya mfululizo wa ICL 1900. Kazi yake ilikuwa hesabu za serikali. Basi bwana, hesabu zikavurugika badala ya kunyooka, fedha ikapotea, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta NA televisheni. Ukitaka kompyuta ilibidi upate kibali maalumu. Wenzetu Zanzibar wakati huo wana televisheni ya rangi, sisi Bara tukasubiri mpaka 1994 kuona kituo chetu cha kwanza. Nikaandika kwa mbwembwe kwamba huo ulikuwa woga wa mashine, kwamba wakubwa wa enzi zile waliitazama kompyuta kama mtu anavyomtazama popo kaingia ndani.

Mwalimu wetu hakunikata maksi hapo. Alipigia mstari neno "woga" na kuandika pembeni: walikuwa wanaogopa nini hasa, na umewauliza? Akanipa wiki mbili niandike upya.

Nilikasirika, sitaki kuwaficha. Nitamuuliza nani, marehemu? Lakini nikarudi maktaba, na nikaanza kuusoma mwaka 1974 wenyewe badala ya kuusoma mzaha wangu.

Kumbe ule mwaka ulikuwa mbaya jamani. Oktoba 1973 vita ya Mashariki ya Kati ikaanza, na ndani ya miezi michache bei ya pipa la mafuta ikapanda karibu mara nne, kutoka dola 3 hivi hadi karibu 12. Ukame nao ukaingia 1973 na 1974, nchi ikalazimika kununua nafaka nje. Operesheni Vijiji inaendelea, watu wanahamishwa. Fedha za kigeni zimekauka. Sasa weka kompyuta ya wakati ule katikati ya hayo yote. Haikuwa kitu cha kuweka mezani. Ilikuwa mashine ya kujaza chumba, inataka ubaridi usiku na mchana, inataka hewa isiyo na vumbi (Dar es Salaam!), inataka wataalamu wa kutoka nje, na kila kipuri chake kinalipiwa kwa fedha hiyohiyo inayotakiwa kununua mahindi. Halafu baada ya gharama yote hiyo inakuletea hesabu zisizoeleweka. Anayekataa hapo haogopi mashine, anaogopa bili. Ni vitu viwili tofauti na mimi nilikuwa nimevichanganya.

Sasa msije mkasema nimegeuka mtetezi wa kila kilichofanywa enzi zile. Mimi naona katazo lenyewe kwa mwaka ule linaeleweka, tatizo ni kwamba lilikaa mno. Agosti 1981 IBM walitoa ile kompyuta yao ndogo ya mezani, ikianzia dola 1,565. Haitaki chumba cha barafu wala mtaalamu wa kuagizwa na ndege. Sababu za 1974 zilikuwa zimeshakufa lakini karatasi ya 1974 ilikuwa bado hai, ikalegezwa kidogokidogo tu. Mwalimu aliyeanza kazi miaka ile alifundisha miaka mingi bila kuigusa kibodi. Mwaka jana nilipokwenda kufundisha kwa mazoezi, shule moja (siitaji) ilikuwa na kompyuta kumi za msaada, zote zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi, ufunguo wa chumba anao mkubwa mmoja tu. Nilipoomba niwaingize wanafunzi niliambiwa zitaharibika. Nikacheka na wenzangu. Leo najiuliza, zikiharibika kweli pale, nani angelipa? Yule mkubwa, kwa mshahara wake? Hilo sikuuliza.

Kitu kingine nilichojifunza: ukitafuta habari za namna watu walivyopokea vitu vipya, unakutana na uongo mwingi mtamu. Kuna ule msemo anaobandikwa mkuu wa IBM wa zamani, kwamba mwaka 1943 alisema dunia nzima ina soko la kompyuta tano. Mnaujua, upo kwenye kila kitabu cha kujipa moyo. Hakuna ushahidi wowote kwamba aliusema. Tunaupenda kwa sababu unatufanya sisi wa leo tujione wajanja.

Mimi naamini kauli za kweli za watu wa kawaida hazikuandikwa, ila zimebaki ndani ya maneno. Kiswahili ndo kimezitunza. Mtu aliona chombo cha chuma kiko angani akasema ndege, basi, kazi imekwisha. Simu ni neno lililotoka Kiajemi likimaanisha waya, na lilistahili kabisa mwaka 1879 kebo ya telegrafu ilipofika Zanzibar kwa chini ya bahari. Leo simu haina hata waya lakini bado tunaiita waya, na hakuna anayelalamika! Motokaa ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Raba ni mpira, jezi ni jezi, bajaji ni jina la kampuni ya Kihindi. Magari ya wakubwa tukayaita mashangingi, ya kubanana tukayaita vipanya, na kila mtu anaelewa hapo nani anamsema nani. Wataalamu wa lugha wakatupa tarakilishi, wengine wakatupa ngamizi. Tarakilishi Wakenya wameing'ang'ania, hongera zao. Ngamizi huku kwetu imegoma kabisa kushika, na mimi nadhani nimeshajua kwa nini. Hebu litamke polepole. Nani anataka kuweka kwenye dawati lake kitu chenye jina linalofanana na kuangamiza?

Sasa twende kwenye viatu, maana hapa nilipata kesi mbichi chumbani kwangu. Mwenzangu wa chumbani ni mkimbiaji. Sio wa kujionyesha, ni wa kuamka saa kumi na moja alfajiri na kugonga ndoo yangu kila siku. Raba zake ni za mtumba, kazinunua Karume, na soli ya kushoto ameshaibandika mara mbili. Kwenye mashindano ya vyuo alipitwa mita mia za mwisho na dada mmoja mwenye viatu vya soli nene kama mkate. Alivyorudi hosteli hakulia, alisema neno moja tu: "Vile si viatu, ni springi." Chumba kizima tukamcheka, tukamwambia akubali kushindwa.

Kumbe springi yake inazungumzwa mpaka kwa wakubwa wa riadha. Viatu vya aina hiyo vilianza kusikika sana 2017, Nike walipotoa Vaporfly: povu jepesi sana linalorudisha sehemu kubwa ya nguvu ya kila hatua, na ndani yake bamba gumu la kaboni. Walijitapa kwamba kinampunguzia mkimbiaji asilimia 4 ya nguvu anazotumia. Bei dola 250. Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge akakimbia marathoni Vienna kwa saa 1:59:40, ingawa haikuhesabiwa rekodi kwa vile mbio zilipangwa kwa ajili yake na wasindikizaji walipokezana. Kesho yake tu, Chicago, Brigid Kosgei akakimbia saa 2:14:04 na kuivunja rekodi ya Paula Radcliffe iliyokaa tangu 2003. Kelele zikawa nyingi, na Januari 2020 shirikisho la riadha la dunia likaweka mpaka: soli isizidi milimita 40, bamba lisizidi moja, na kiatu kiwe kimeuzwa madukani miezi minne kabla ya kuvaliwa mashindanoni. Waogeleaji walishapita njia hiyo. Mwaka 2008 likaja lile vazi la Speedo la kubana mwili mzima, mwaka 2009 kwenye mashindano ya dunia pale Roma zikavunjwa rekodi 43, na kuanzia Januari 2010 mavazi ya namna hiyo yakapigwa marufuku. Kwa hiyo wakubwa wa michezo nao wana 1974 yao.

Kuna watu husikia haya wanakurupuka na Abebe Bikila. Ni kweli, Roma 1960 alishinda marathoni ya Olimpiki peku, saa 2:15:16. Lakini wasimulizi wetu hukata hadithi katikati. Miaka minne baadaye, Tokyo, Bikila huyohuyo alivaa viatu, na akashinda tena kwa saa 2:12:11. Bingwa wa peku alipopata viatu vinavyomfaa alivivaa. Na pale pale Tokyo, tarehe 15 Septemba 2025, usiku wa manane kwetu, tulibanana watano kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka kumwangalia Alphonce Simbu akimaliza sawasawa na Mjerumani, wote saa 2:09:48, tofauti sekunde 0.03! Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha, imeamuliwa kwa picha. Tulipiga kelele mpaka mlinzi akaja. Mwenzangu wa chumbani alipotulia kitu cha kwanza kuuliza ni: "Umeona alichovaa mguuni?" Safari hii hatukumcheka. Kwenye mbio zinazoamuliwa kwa sehemu tatu za mia za sekunde, mtu mwenye soli ya gundi ana haki ya kuuliza.

Hapo ndo nikampigia baba.

Baba ni fundi magari Morogoro. Alianza kama spana boi miaka ya 80, akalelewa na Land Rover na Peugeot 504. Ukimpa kabureta anaifungua amefumba macho, anapuliza, anafunga, gari linaunguruma. Baada ya mageuzi ya uchumi ya enzi za Mzee Mwinyi, milango ikafunguliwa, magari yaliyotumika Japani yakamiminika, na humo ndani hakuna kabureta tena. Kuna mfumo wa kupuliza petroli kwa umeme. Bosch walianza kuuza wa kwao mwaka 1967 kwenye Volkswagen, na sheria za hewa safi za Marekani za mwaka 1970 na zilizofuata zikawasukuma watengenezaji wote huko huko, kwa sababu kabureta haiwezi kupima mchanganyiko kwa usahihi ule wa kupunguza moshi. Vihisio vinapima hewa na joto, kiboksi cha kompyuta kinaamua petroli kiasi gani iingie, na kinaamua upya mara nyingi kwa sekunde moja.

Baba aliyaita magari ya redio. Mteja akija nalo anamwambia, "Hilo ni gari la redio mzee mwenzangu, mpelekee fundi redio." Mtaa mzima ulimcheka kwa hilo neno. Spana boi wake wa zamani alinunua mashine ya kupimia, akafungua gereji mbele yake tu, na foleni ikahamia kule. Sisi nyumbani tulijua baba ni mbishi. Nilimwandika hivyo hata kwenye ile asaimenti ya kwanza, bila jina, kama mfano wa "fundi mmoja wa zamani aliyekataa kubadilika". Mnaona aibu niliyonayo?

Basi nikamuuliza kama mwalimu alivyotaka. Baba, ulikuwa unaogopa nini hasa?

Akakaa kimya, nikadhani salio limekata. Halafu akaniambia kwamba hakukataa. Mwaka 2012 alipokea gari moja la aina hiyo, lina misi, linazimika likiwa limesimama. Hakuwa na mashine, vitabu vyake vyote ni vya Kiingereza na hakuna anayeviuza Morogoro. Akafuata waya kwa akili ya kabureta, akaunganisha pasipotakiwa, kiboksi kikaungua. Mwenye gari akataka kiboksi kingine. Baba aliuza mashine yake ya kuchomelea, na deni lililobaki akalilipa miezi minane.

"Ndo mwaka ule ulikwenda kukaa kwa bibi Kilosa," akasema.

Mimi nilikuwa darasa la pili. Niliambiwa nakwenda kumchangamsha bibi. Miaka yote hii nilijua nilikwenda kumchangamsha bibi.

Sikuwa na cha kujibu wadau. Nikasema nakuja Jumamosi, akasema nauli utapata wapi, nikasema nitapata. Nilikopa kwa mwenzangu wa chumbani, nikapanda treni ya umeme, hii iliyoanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024. Baba hajaipanda hata leo. Anauliza umeme ukikatika katikati ya pori itakuwaje, na nikisema ana woga najua mtaniuliza maswali.

Nilibeba kidude kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kinachoongea na simu kwa bluetooth. Nilikiazima kwa kijana wa uhandisi hapa chuoni. Gari la kwanza pale gereji hakikushika kabisa, baba akanitazama kwa jicho la "nilikwambia". La pili kikashika. Taa ya injini ilikuwa inawaka, na simu ikatoa namba P0171. Nikasoma maelezo na kumtafsiria: mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli, ila mashine haisemi hewa inaingilia wapi.

Baba akasema, "Rudia."

Nikarudia. Akachukua kipande cha mpira wa kunyonyea mafuta, ncha moja sikioni, ncha nyingine akaipitisha taratibu juu ya injini inayounguruma, kama daktari. Akafika nyuma kabisa, akasimama. Kuna kimpira chembamba cha vakyumu kilikuwa kimepasuka upande wa chini, usioonekana. Injini ilikuwa inavuta hewa hapo. Akakata kipya, akavalisha, akakaza, injini ikatulia pale pale. Dakika kumi na tano labda.

"Haya mwalimu," akasema, "ifute hiyo taa yako."

Nikabonyeza, taa ikazimika. Mteja alipouliza bei, baba akamtajia mbili, ya ufundi na ya kompyuta. Ya kompyuta ilikuwa elfu kumi. Akaikunja akanipa, akasema nimrudishie yule binti nauli yake, na kile kidude nimwambie mwenyewe kwamba kitachelewa kurudi.